Elfu Hamsini na Tano

"Elfu hamsini na tano," akasema Obbo
bila kuinua uso kutoka kwenye gurudumu la mtu mwingine.
Siyo kukaza nati, akasema,
siyo kutia oili juujuu kama mtu anayepaka mkate siagi.
Kufungua yote. Kuosha kwa mafuta ya taa.
Gololi mpya, grisi mpya, spoku moja moja
mpaka rimu iache kuyumba kama mlevi wa kwete.

Nikapiga hesabu palepale, nyuma ya soko la Tororo,
gunia langu la muhogo likiniegemea kiunoni.
Elfu hamsini na tano ni faida ya safari kumi na moja.
Ni ada ya Opendi, na chenji ya kalamu.
Ni kuku watatu wasio na kideri.
Na baiskeli yenyewe nilimlipa mjane wa katekista elfu tisini:
nimtibu ng'ombe kwa zaidi ya nusu ya bei ya ng'ombe?

"Usipoziba ufa—" akaanza.
Nikamkata.
"Nyumba yangu ni ya udongo, fundi.
Ufa naziba kila Jumamosi, na ukuta najenga vilevile."

Akacheka. Akaizungusha pedali ya kushoto,
ikalia kilio chake: kwii-chaka, kwii-chaka.
"Unasikia? Hiyo ni pesa inasagwa."

Usiku ule nilijumlisha, kwa mkaa, nyuma ya mlango.
Oili chafu ya mia tano. Pini ya elfu mbili.
Kipande cha ndala badala ya breki.
Elfu hapa, soda ya fundi pale,
na ile siku cheni ilikatika njiani nikasukuma hadi giza.
Elfu sitini na nane tangu Pasaka.
Nikafuta kwa kiwiko kabla Opendi hajaamka.

Jumanne nikaiacha. Ijumaa nikaifuata.
Obbo akanitolea kikombe cha bati:
"Humu zilipaswa kukaa gololi kumi na moja.
Nimekuta saba,
na vumbi la saruji limeganda kama ugali wa jana."
Saba. Miaka minne zimenibeba, mimi na muhogo.
Nilitaka kuziomba nirudi nazo nyumbani,
nikaona haya.

Kwenye kilima cha Osukuru magoti yangu,
yaliyozoea ubishi, hayakuwa na la kusema.
Kimya.
Nikasikia njiwa. Nikasikia pumzi yangu,
ambayo sikujua kwamba imezeeka.

Mama mkwe wangu, Nyachwo, macho yameingia ukungu.
Miaka yote hunisikia tangu kwenye kichuguu,
kwii-chaka, akabandika uji;
nikiegemeza baiskeli ukutani, uji unatokota.
Siku ile nilikuta jiko baridi
naye amesimama mlangoni na fimbo ya kufukuzia kuku.
"Nani huyo?"
"Ni mimi, mama."
"Wewe huji hivyo."

Wanawake wa sokoni wananiuliza: ililipa?
Sasa nabeba gunia na nusu,
nafika mjini jua halijaanza kuuma.
Lakini kikundi cha akiba bado kinanidai elfu ishirini,
na Opendi alirudishwa kutoka shuleni,
siku tatu amekaa nyumbani akisokota nyasi,
haniulizi kitu.
Hizo siku tatu sikuziandika nyuma ya mlango.
Sijui zinaandikwaje.
Basi nawaambia tu: zungusheni pedali, msikilize.

Jana, baada ya mvua, ya kushoto ilitoa mlio mdogo,
kama mtoto anayeota.
Nilishuka, nikaifuta matope kwa leso, ikanyamaza.
Sikujua nifurahi au nihuzunike.

Nikifika kwenye kichuguu siku hizi, nakohoa.
Mara mbili, kwa nguvu, mtu mzima mimi,
kisha napunguza mwendo
mpaka nione moshi.